Draiva ya Sauti

Kompyuta ya Ezekia ilisema imeona maikrofoni, na maikrofoni yenyewe ilikuwa ndani ya droo, waya umekunjwa. Ilikuwa mchana kweupe, dukani kwake Shanwe, mjini Mpanda, chumba cha mbele cha nyumba yake, anakorekodi matangazo ya magari ya spika. Akaona ni ujinga wa mashine tu, akaendelea kutafuna muhogo wake.

Kosa lilikuwa lake, mimi simfichi. Kabla ya hapo umeme ulikatika kompyuta ikiwa katikati ya kujisasisha, spika zikafa. Fundi mwenye akili zake angetafuta draiva ya sauti, ile programu inayoifanya kompyuta ielewane na spika, kwa waliotengeneza kompyuta hiyo. Yeye akachukua ya aina nyingine kabisa, kwenye tovuti asiyoijua. Kila ilipouliza kama iruhusiwe kuingia, akabonyeza ndiyo bila kusoma. Haya, nani kati yetu husoma?

Spika zikarudi. Zikaja na harufu ya udi, kwenye nyumba ambayo haijawahi kuchomwa udi. Kisha zikaanza kupumua.

Mkewe, Nyanzala, ndiye aliyekuwa sauti ya duka. Mpanda nzima waliijua kwenye matangazo: mbegu, magodoro, mnada wa ng'ombe. Nyumbani alimwimbia binti yao mdogo, Josephina, na majirani walipunguza redio ili wamsikie. Siku moja alifungua mdomo amwite mtoto, hakikutoka kitu. Papo hapo, ndani ya spika zilizochomolewa waya, Nyanzala akacheka.

Ezekia alifuta ile draiva, akatafuta inayofaa, akapiga windo upya, yaani mfumo mzima wa kompyuta, akazima na kuwasha, na kila alipowasha kicheko kilikuwa kimeshamtangulia, kikipita ukutani, kikizunguka mkeka wa mtoto, kikiita Josephina, Josephina, kwa sauti ile ile ya mama yake, huku mama mwenyewe amepiga magoti, machozi yanamtiririka, ameziba masikio ya mwanawe kwa viganja. Aliogopa, Ezekia.

Wakamwita Mama Apollinarie, mwombeaji kutoka Katumba. Alivuta pumzi mlangoni, akauliza taratibu nani alimkaribisha pepo huyu.

"Mimi, mama," Ezekia akanong'ona.

"Basi wewe huwezi kumtoa. Aliyenyang'anywa ndiye amkatae, kwa sauti yake mwenyewe."

Sauti ipi sasa? Ezekia akakumbuka flashi yenye matangazo ya zamani. Akaazima kompyuta ya jirani, akakata neno moja kutoka tangazo la basi, lingine la mnada, lingine la magodoro, akayaunga huku mwombeaji akisali kwa Kirundi. Akayachezesha yasikike. Nyanzala wa zamani akasema: "Ondoka. Hapa. Leo."

Mabati yakatetemeka. Harufu ikakatika.

Nyanzala akashika koo, akasema, "Karibuni wateja." Sauti yake kabisa! Ezekia akalia kwa furaha, na Josephina akamkimbilia mama yake. Nyanzala akamkumbatia, akafungua mdomo amwite.

"Magodoro mapya," akasema.

Akatikisa kichwa, akajaribu tena. "Bei poa. Wahi mapema."

Mtoto akacheka, akidhani ni mchezo. Mama Apollinarie hakucheka. Tangu siku ile Nyanzala husema yale tu aliyowahi kurekodi. Ezekia ameyasikiliza matangazo yote ya kwenye flashi, moja moja, na hakuna hata moja lenye jina la mtoto.