Ukurasa wa Mwaka wa Nne

Kabati lilikuwa wazi, na daftari la miaka themanini halimo.

Inspekta alichuchumaa. Kitasa kizima, hakuna hata mkwaruzo. Chumba cha wazee wa kanisa kilinukia nta ya mabenchi, harufu ileile ya siku alizoletwa hapa shule ya Jumapili na soksi zisizofanana.

"Ufunguo hukaa wapi?"

"Kwenye msumari, nyuma ya mimbari," alijibu katibu wa baraza la wazee, mwalimu wa hesabu.

"Nani anajua?"

"Afande, afadhali uulize nani hajui."

Jumapili iliyokuwa ikija ilikuwa sikukuu ya usharika. Kila miaka kumi, katibu husimama akasoma kumbukumbu zote za baraza: nani alibatizwa, nani aliezeka paa, nani alitengwa na meza ya Bwana. Waanzilishi wote walikuwa makaburini. Walibaki humo tu, kwenye daftari.

"Lilifunikwa na nini?"

"Kitambaa hicho."

Kilikuwa juu ya rafu, cheupe, kimekunjwa mara tatu, kona zote nne zimefichwa ndani.

"Umekikunja wewe?"

"Mimi? Mke wangu akisikia atacheka mpaka kesho. Hakuna aliyegusa kitu."

"Basi aliyeiba ndiye aliyekunja. Mkono wake umezoea, umefanya kazi bila kumwuliza." Inspekta akasimama. Mkunjo ule alikua nao. Ndio uliofunika mkate kila Jumapili ya meza ya Bwana. "Twende kwa Bibi Pasi."

Bibi Pasi alikuwa na miaka sabini na sita. Kwa miaka arobaini alikuwa akifua na kupiga pasi vitambaa vya meza hiyo, ndiyo maana ya jina lake. Waliingia wakamkuta kazini.

"Karibuni, wanangu. Wewe Inspekta, umenenepa."

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kikazi."

"Marahaba. Na mimi niko kazini. Kaeni."

"Kitambaa cha kabatini, Bibi. Umekikunja lini?"

Pasi ikasimama hewani.

"Nilikikunja?" aliuliza polepole, akiutazama mkono wake kama anayemtazama mtoto mtukutu. "Mwone huyu!"

Akaweka pasi chini. Kutoka chini ya rundo la vitambaa akatoa daftari, akalipangusa, akaliweka mezani.

"Umechana kitu?"

"Nichane jina la mama yangu?"

Inspekta akalipekua daftari; hakuna ukurasa uliochanwa.

"Jumanne nilikuwa napanga vitambaa kanisani," alisema Bibi. "Huyu katibu yuko mimbarini, anajizoeza kusoma. Akafika mwaka wa nne wa usharika. Binti ametengwa na meza ya Bwana kwa kupata mimba bila ndoa. Akacheka. Mimba yenyewe ndiyo mimi."

"Bibi, sikujua! Nilicheka maneno yale ya kizamani tu…"

"Hawakumrudisha mpaka anazikwa. Na vitambaa vya meza hiyo alivifua yeye, miaka thelathini. Hilo hawakuliandika. Nikajisemea, ikiwa katibu kacheka peke yake, Jumapili kanisa zima litafanyaje?"

Inspekta akamkumbuka mama huyo. Mwanamke mwembamba wa benchi la nyuma, aliyewafuta kamasi watoto wote bila kuuliza ni wa nani. Mkate ulipopitishwa aliinamisha kichwa tu. Utotoni, Inspekta alidhani hana njaa.

"Sina malalamiko, Afande," katibu alisema. "Na ukurasa huo nitauruka."

"Uuruke?" Bibi akageuka, macho yanawaka. "Nimekwiba kwa sababu ya kicheko, si kwa sababu ya jina. Utausoma. Kisha utasema ni nani alifua. Anza sasa, nikusikie."

Katibu akafungua mwaka wa nne. Akalitamka jina, uso umeinama.

"Inua kichwa, mwanangu. Wa benchi la nyuma nao wasikie."

Akainua kichwa, akalitamka tena.