Uso wa Cephas Kwenye Kioo

Benta ndiye aliona kwanza, na Benta hajui kuweka siri, ndiyo maana soko zima lilijua. Jumatatu hiyo jioni, jua bado linachoma, alikuwa akipanguza kioo cha televisheni pale hotelini kwake Rodi Kopany. Akaona tone la maji. Akapanguza kwa kitambaa, akapanguza tena kwa pindo la leso yake. Halikutoka. Tone lilikuwa upande wa ndani.

"Mashine ya Nicanor inatoka jasho," akawaambia wateja. Wakacheka, wakarudi kwa chai yao.

Nicanor alijifunza mambo ya redio jeshini, akarudi na kikohozi na maneno mengi. Mwaka wa 1967 akapata mitambo chakavu kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama, akasimamisha mlingoti wa mkaratusi nyuma ya nyumba, akatangaza kwamba sasa na sisi tuna kituo cha televisheni. Kituo gani! Ukivuka mto tu, picha inakufa. Televisheni zenyewe zilikuwa nne: hotelini kwa Benta, kwa chifu, misheni, na kwake mwenyewe. Saa kumi na moja jioni jenereta inanguruma, kwaya inaimba mbele ya kamera, halafu yanakuja matangazo ya vifo, pamoja na picha za marehemu. Hayo ndiyo watu walipenda. Hata walevi walinyamaza.

Kabla ya kwaya, Nicanor aliweka picha moja mbele ya kamera ili watu warekebishe televisheni zao. Ilikuwa picha ya shemeji yake Cephas, mvuvi wa Karungu, katika shati jeupe, vifungo vimefungwa mpaka shingoni.

Cephas alizama ziwani mwezi wa tatu. Walimtafuta siku tisa, mwili haukupatikana. Basi wazee wakafanya linalofanywa: wakachuma yago, lile tunda refu kama gogo, wakalivisha sanda, wakalilia, wakalizika mahali pake. Yago likishaingia kaburini, aliyezama ametulia, na hakuna ruhusa ya kumwita tena. Nicanor alijua hayo. Lakini mjane alikuwa Roseline, dada yake wa pekee, na Roseline alimshika mkono.

"Owadwa, ndugu yangu, usiiondoe hiyo picha. Wacha nimuone tu."

Na wewe ungekataa? Kila jioni Roseline aliketi mkekani kwa Nicanor, mbele ya uso wa mumewe. Chakula akawa anakionja tu. Javan, ndugu ya marehemu aliyetakiwa kumrithi mjane huyo, alikuja kumchukua, akasimama mlangoni na kofia yake mpya.

"Shemeji, unataka kuolewa na sanduku?"

"Sanduku halinuki chang'aa," Roseline akamjibu. Javan akaenda zake, na soko likapata la kusema wiki nzima.

Siku iliyofuata lile tone, kifungo cha juu cha shati la Cephas kilikuwa wazi. Nicanor alikimbia kwenye kamera, akaishika picha yenyewe mkononi: kwenye karatasi kifungo kimefungwa. Kwenye kioo, wazi. Alhamisi vikawa vitatu. Mke wa chifu akalalamika kwamba televisheni yake inanuka samaki wa ngege aliyelala siku mbili, na kule misheni wakasikia, chini ya sauti ya kwaya, kitu kama maji yanayolamba mawe, polepole, kama ng'ombe anayelamba chumvi, na kwaya ilipomaliza maji hayakumaliza, yaliendelea mpaka jenereta ikazimwa, na baada ya kuzimwa yakaendelea kidogo tena.

Benta akamleta kwa Nicanor Nyasuguta, mganga wa Kikuria aliyeuza tumbaku siku za soko. Mama huyo alitazama kioo, akakataa kiti.

"Zima."

"Mama, ni shemeji yangu—"

"Huyu si shemeji yako. Shemeji yako amelala na yago lake. Sura yake ndiyo mmeiacha nje bila mwenyewe, jini la ziwani limeiokota, limeivaa. Linangoja mtu aliite kwa jina." Akageuka kwa mjane. "Binti, umeshaliita?"

"Kila siku," Roseline akanong'ona. "Juzi liliitika."

Nyasuguta akaagiza: picha ikazikwe kesho juu ya yago, jua likiwa bado juu, na mjane asiachwe peke yake.

Kesho yake Nicanor akaenda Karungu na picha. Roseline akabaki hotelini na Benta. Jenereta ilikuwa kimya, kioo cheusi, mchana mweupe kabisa, kwa hiyo Benta aliposikia maziwa yanafurika jikoni aliinuka tu, hatua sita, akainua sufuria, na hapo akasikia maji yakilamba mawe nyuma yake, na sauti ya Roseline, nyororo kama ya bibi harusi, ikisema, "Nakuja, Cephas," na alipogeuka, sufuria bado mkononi, maziwa yanamchoma vidole asisikie, hapakuwa na mtu, palikuwa na mkeka uliolowa na ndara mbili zikielekea kwenye kioo.

Walimtafuta siku tisa. Kisha Nicanor akazika yago la pili, la dada yake, akaapa mbele ya wazee kwamba mitambo ameivunja. Na kweli aliivunja, Benta aliona vipande.

Mwezi mmoja baadaye Benta alimpelekea uji. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Hakuna jenereta, hakuna kamera, mlingoti umelala nyasini. Nicanor ameketi mkekani. Kwenye kioo cha televisheni yake, ambayo hakuivunja, walikuwa wawili, Cephas shati wazi lote, Roseline kitambaa cha kichwa kikichuruzika maji, na Roseline hakumtazama mumewe. Alimtazama ndugu yake.

"Nicanor," Benta akanong'ona, "yule si Roseline. Unajua."

"Najua."

"Basi funika!"

"Wacha nimuone tu," Nicanor akasema, akanyoosha kiganja akapanguza kioo. Mkono wake ukarudi umelowa.