Chupa ya Madamu Lin

Kila asubuhi, kabla ya shule, Gasaro alichemsha maji ya Madamu Lin, Mchina aliyefundisha kilimo cha mpunga huko Bugarama. Madamu Lin na Wachina wenzake hawakunywa maji baridi hata jua liwake vipi. Walikwenda shambani na chupa zao za chai zimejaa maji ya moto. Mukabalisa, mama yake Gasaro, aliwapikia. Kazi ya maji alimwachia binti yake.

"Joto yote hii, na maji ya moto!" Gasaro aliwacheka akiwa na wenzake wa shule.

Masika yalipofika, kuni zikalowa. Moshi ukamtoa machozi, na shule haikumngoja. Uvivu nao una akili zake! Jirani na kwao palikuwa na chemchemi ya maji moto, ambako watu huoga na wazee huloweka miguu inayouma. Maji moto ni maji moto, alijiambia, akajaza chupa ya Madamu Lin humo siku tatu mfululizo.

Siku ya nne Madamu Lin alibebwa hadi zahanati, akitapika na kuharisha. Mkuu wao, Bwana Wu, alimgeukia mpishi.

"Mukabalisa, hukuchemsha maji. Nenda nyumbani."

Mama aliapa kwamba maji yalichemshwa, lakini hakusikilizwa. Alirudi na sufuria yake kichwani, majirani wakimtazama.

"Miaka mine nabapikia," alilia, "leo mimi ni muchafu!"

Gasaro alisukuma kando sahani yake ya ugali. "Maman, ni mimi. Maji nilichota ku chemchemi."

"Kule batu banaogaka?" Mama alimshika mkono. "Twende. Utamuambia mwenyewe."

Gasaro alieleza yote mbele ya kitanda cha mgonjwa, macho chini.

"Kwetu ni mbali," alisema Madamu Lin. "Hapa maji ya mkono wako nilikunywa bila kuogopa."

Alipona, na Bwana Wu, aliposikia ukweli, akamwomba mama radhi na kumrudisha kazini. Lakini Gasaro alipomletea chupa, Madamu Lin aliipokea kwa upole, akamwaga maji yote, kisha akabandika birika lake mwenyewe jikoni. Gasaro aliona aibu, akalia.

"Usilie," mama alimwambia. "Njia ya mwongo ni fupi, mutoto wangu. Kazi yangu imerudi kwa kusema kweli. Kuaminiwa kwako hakujarudi. Kesho utachemsha tena, hata akimwaga. Na kesho kutwa pia."