Asiye na wa Kumwombea

Jumamosi hiyo jumuiya ndogo ya kanisa ilisali nyumbani kwa Yusta, pale mtaa wa Mlandege. Ukungu ulikuwa bado umekalia mabati, na watu walibanana sebuleni na makoti yao. Zamu ya kutoa nia za sala ilipomfikia mwenye nyumba, alisema yaleyale ayasemayo kila wiki: "Tuwaombee marehemu wasio na wa kuwaombea."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," watu wakaitikia.

"Asante," ikasema sauti nyuma ya pazia.

Wakacheka kidogo. Nyuma ya pazia alilala Faustina, bintiye Yusta wa miaka minane, mgonjwa wa pumu, na kila mtu alidhani mtoto kaamka na adabu zake. Yusta hakucheka. Alikuwa ameketi karibu na pazia, na sauti iliposema, kifua cha mwanawe kilikuwa kinapiga filimbi usingizini. Tena ile sauti ilikuwa ya mtu mzima.

Niseme ukweli kuhusu huyu Yusta, maana wanajumuiya walimwona kama mtakatifu. Fundi cherehani huyu alikuwa anasali kwa mdomo tu. Mumewe, Jailos, alifukiwa na shimo la dhahabu kule Chunya, na siku tatu walizokuwa wakifukua, Yusta alikaa magotini, hali, halali. Wakamtoa Jailos amekufa. Tangu hapo aliendelea kusali kila alfajiri kwa sababu mtoto alikuwa anamtazama, ila hakutegemea chochote, na jina la Jailos hakulitaja. Aliwaombea asiowajua, maana hao hawakuweza kumuumiza.

Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, alikuwa peke yake mbele ya mshumaa. Ilianza harufu: udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Asante tena," ikanong'ona kisogoni pake. "Ila nina jina. Nitaje."

Ikamwambia jina. Sitaliandika hapa, ukifika mwisho utaelewa kwa nini.

Rozari ilimponyoka Yusta. Lakini alikumbuka mafundisho ya kipaimara kuhusu roho za toharani zinazongoja msaada wetu, na huruma ikamshinda. Akalitaja. Nyuma ya pazia filimbi ikakatika, na Faustina akaamka akiomba uji.

Wiki mbili mtoto hakukohoa. Alikimbizana na wenzake kwenye baridi, bila hata kofia. Yusta akawa anaamka kabla ya saa kulia, na furaha aliyokuwa ameisahau, maana kumbe sala hujibiwa. Ndipo asubuhi moja ikamwambia: "Usinichanganye na wengine. Nitaje mimi kwanza." Naye akatii, akaanza kulitaja kabla ya Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Jumanne moja aliwahi kupeleka sare za kwaya, akaruka sala. Aliporudi alimkuta jirani yake Mwanahawa, muuza kanga, amempakata Faustina mlangoni, midomo ya mtoto imekuwa ya bluu. Yusta alilitaja lile jina palepale, kwa sauti. Mtoto akavuta pumzi.

Mwanahawa, ambaye babu zake walitoka pwani, alimsogelea sikioni. "Mama Fau, umemwita nani?"

"Marehemu mmoja. Namwombea."

"Marehemu hadai, dada yangu. Huyo ni jini. Nenda kwa padri wako leo hii. Mtoto nitakaa naye mimi."

Padri Sosthenes alikuja na maji ya baraka, akanyunyiza kila pembe. Kwenye pazia matone yalikauka kabla hayajadondoka. Aliyaona, akaacha kunyunyiza.

"Usilitaje tena," alisema kwa sauti ya chini. "Siku tisa, asubuhi na jioni, sali Baba Yetu tu. Hicho kitu kitakutisha. Wewe mtumaini Mungu."

"Na mtoto akibanwa, Padri?"

Padri alilitazama lile pazia. "Mpeleke hospitali, binti yangu. Na mtumaini Mungu."

Yusta aliyaogopa macho yake.

Siku ya kwanza Faustina alikohoa. Siku ya pili walishinda hospitali, akawekewa mashine ya kupumulia dawa, wakaruhusiwa jioni. Asubuhi ya tatu Yusta alipiga magoti na mtoto mapajani, na harufu ya udongo ikapanda kutoka sakafuni mpaka ikamjaa kooni, na filimbi ya kifua ikawa nyembamba zaidi na zaidi, na ile sauti ikaanza kusema polepole, bila hasira, kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa, ikisema siku tatu ulimwomba Mungu wako kwa ajili ya Jailos, Yusta, nani alikujibu, mimi nimekujibu kila siku, na yeye akaipandishia sauti, Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe, ufalme wako ufike, utakalo lifanyike.

Hapo akakwama. Alijaribu tena tangu mwanzo, akakwama palepale. Je, kama anachokitaka Mungu ni huyu mtoto, kama alivyomtaka baba yake? Filimbi ilikuwa imekwisha kabisa, na midomo ya Faustina ilikuwa ya bluu.

Akalitaja lile jina. Mtoto akavuta pumzi. Yusta akalia kwa aibu.

Jumapili kanisani walikaa benchi la tatu. Ulipofika wakati wa kuwaombea marehemu, msomaji alifungua vikaratasi vya nia, akasoma majina. La nne lilikuwa lile.

"Ee Bwana, twakuomba utusikie!" kanisa zima likaitikia, mamia ya watu, na harufu ya udongo mbichi ikapita katikati ya mabenchi.

Yusta alimshika mwanawe mkono. "Nani kaandika lile jina?" akanong'ona.

"Mimi, mama. Yule wa nyuma ya pazia kaniambia wewe unachoka. Kanisa zima halichoki."

Padri Sosthenes alikuwa amegeuka altareni, uso umempauka, anamtafuta Yusta kwa macho. Yusta alipaswa kusimama na kupiga kelele wasiitikie tena. Akamtazama Faustina, mashavu yamemjaa, anapumua vizuri kabisa. Akainamisha kichwa, akabaki amekaa.