Kinanda Kilichojipiga

Kila siku baada ya shule, Kidoti alipitia kwa shangazi yake, akavua viatu mlangoni, akanywa maji, kisha akajifungia katika chumba cha mazoezi. Nyumba ya shangazi ilikuwa pia studio ya kurekodi muziki. Sebule ilikuwa ukumbi wa kuimbia, kuta zake zimefunikwa kwa magodoro ya zamani ili sauti isirudi. Chumba cha kati kilikuwa cha kompyuta. Cha mwisho, chenye mlango wa kutokea uani, kilikuwa na kinanda na stuli.

Kidoti alikuwa amechaguliwa kuipigia kinanda kwaya ya shule. Wimbo ungetangazwa redioni katika kipindi cha watoto, na sharti la redio lilikuwa moja: watoto waimbe na wapige wenyewe.

"Fanya mazoezi kila siku," shangazi alimwambia, "la sivyo vidole vitakuumbua mbele ya watu."

Na kila siku shangazi alisikia kinanda kikilia nyuma ya mlango, akaendelea na kazi zake akiwa ameridhika. Kinanda kilikuwa kinalia kweli. Mpigaji ndiye hakuwepo.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyemfungulia njia bila kujua. Siku moja alimwonyesha waya mwembamba uliotoka kwenye kompyuta.

"Waya huu haubebi sauti hata chembe," alisema. "Unabeba amri. Kompyuta inakiambia kifaa: piga noti hii, kwa nguvu hii, sasa iachie. Sauti inatengenezwa na kifaa chenyewe. Amri ileile ukiituma kwenye kinanda, utasikia kinanda. Ukiituma kwenye mashine ya ngoma, utasikia ngoma. Kwa hiyo kabla hujabonyeza chochote, angalia unatuma wapi."

Kwenye skrini kulikuwa na maneno manne: Kinanda, Ngoma, Tarumbeta, Vyote.

Kidoti alielewa haraka. Aliurekodi wimbo mara moja, kipande kwa kipande, kwa taabu. Katika ubeti wa tatu alikosea noti, akaiacha hivyo hivyo. Tangu hapo, kila alasiri alichagua "Kinanda", akaiamuru programu irudie wimbo bila kukoma, akatoka uani kuruka kamba. Siku ya kurekodi ilikuwa mbali. Iliendelea kuwa mbali mpaka ikawa leo.

Jumamosi hiyo kwaya nzima ilijaa sebuleni. Mwalimu wa muziki, aliyefunga tai licha ya joto, alikuwa akiwapanga wanafunzi kwa urefu. Shangazi alikuwa amepiga magoti akiweka sawa maikrofoni. Mashine ya ngoma na ile ya tarumbeta zilikuwa zimeunganishwa kwenye spika mbili kubwa.

"Kidoti, kapashe vidole moto," shangazi alisema bila kugeuka. "Tunaanza sasa hivi."

Kidoti alipita kwenye chumba cha kompyuta, na mkono ukafanya ulichozoea kufanya, ila kwa pupa. Hakuangalia skrini. Akatoka uani, akasimama karibu na kamba ya nguo akijaribu kukumbuka wimbo unaanzia wapi.

Ndipo nyumba ikaripuka.

Ngoma zilipasuka kama mabati yanayoanguka kutoka paani. Filimbi, kengele na makofi ya mashine hiyo hiyo ya ngoma vilifuatana bila mpango. Juu yake tarumbeta zikanguruma. Kidoti alikimbilia ndani kupitia mlango wa jikoni, akaikuta kwaya imekumbatiana pembeni. Karatasi za mwalimu zilikuwa zimetapakaa sakafuni.

"Mashine imeingiwa na kichaa," alisema Kifimbo, mwimbaji mwembamba ambaye mdomo wake haukujua kupumzika.

Shangazi alichomoa waya za spika. Makelele yakakatika. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Nadhani umeme umeingilia mashine. Siwezi kurekodi leo."

"Lakini redio inataka wimbo leo," mwalimu alisema polepole. "Kesho hawapokei."

Katika ule ukimya, kinanda, chenye spika yake chenyewe, kikasikika kutoka chumba cha mwisho. Kilikuwa kikipiga wimbo wao.

"Kidoti, acha kupiga kwanza," shangazi aliita akiuelekea mlango.

Kinanda kikaendelea.

"Kidoti, nimesema acha."

"Shangazi," Kifimbo alisema kwa sauti ndogo isiyo yake, "Kidoti yuko hapa."

Watu wote waligeuka. Shangazi alimtazama Kidoti, akautazama mlango, akamtazama tena. Kisha akaufungua. Stuli ilikuwa tupu. Vibonye vya kinanda havikutikisika hata kimoja, na bado wimbo ulikuwa ukitoka. Ulifika ubeti wa tatu, ukajikwaa mahali pale pale, ukaendelea.

Hakuna aliyecheka. Kidoti alijua kwamba akinyamaza, mashine itaonekana mbovu, na kwaya nzima itarudi nyumbani mikono mitupu.

"Mashine ni nzima," alisema. "Ni mimi. Nimetuma kwenye vyote. Siku zote nilikuwa natuma, sipigi."

Shangazi alikizima kinanda, akakaa kwenye stuli.

"Kosa lile la ubeti wa tatu nalisikia kila siku," alisema. "Nikadhani una vidole vikaidi. Nilipaswa kujua. Mtu hakosei vilevile kila siku."

"Si tuimbe na hiyo hiyo ya kompyuta?" Kifimbo aliuliza. "Nani atajua?"

"Sisi tutajua," mwalimu alijibu. "Na sharti unalifahamu."

Shangazi akamgeukia Kidoti. "Niambie ukweli. Mikono yako mwenyewe inaweza kupiga nini?"

"Mkono wa kushoto tu. Zile noti za chini. Polepole."

"Basi tutarekodi hizo."

Walirekodi hizo. Mwalimu alipunguza mwendo, na waimbaji wakabeba peke yao sehemu iliyopaswa kupigwa na mkono wa kulia. Wimbo ulifika redioni kwa wakati, mwembamba lakini wa kweli. Kidoti aliusikia wote, pamoja na ile nafasi tupu aliyoiacha.

Jumatatu kinanda kililia tena, safari hii mlango ukiwa wazi. Kilikwama, kikaanza upya, kikakwama kwingine.

"Mwanzo ulikosea ubeti wa pili," shangazi alisema kutoka jikoni. "Sasa umekosea wa kwanza."

"Nisamehe, shangazi."

"Kwa hilo huna kosa. Makosa yakibadilika, najua kuna mtu kwenye stuli. Kompyuta itatuma amri popote utakapoiambia, mwanangu, lakini haiwezi kujifunza kwa niaba yako. Haya, rudia."

Kidoti akarudia.