Utepe Uliokwisha Kulambwa

Kidosho alitoa ulimi alambe gundi ya utepe, afunge mkanda wake wa kwanza wa picha, akakuta utepe umeshalowa. Ulinuka karafuu.

Jina hilo la Kidosho alipewa na majirani, siku Fundi Picha alipomwoa na kumleta studio, mwaka mmoja baada ya kumzika mke wake wa kwanza. Umbo analo, hata wasiompenda walikubali. Alichokosa ni nafasi. Kwa miaka ishirini Marehemu ndiye aliyempakilia mumewe mikanda kwenye ile kamera kubwa ya kuinamia, na mkanda ukijaa picha zake kumi na mbili, ndiye aliyelamba utepe wa karatasi na kuufunga, huku akitafuna karafuu zake.

"Mbona umelowa?" Kidosho aliuliza.

"Si mate yako hayo?" Fundi alijibu. "Haya, rudia. Kijiti kitupu cha kuzungushia mkanda juu, mkanda mpya chini. Vuta karatasi, ichomeke kwenye ufa, zungusha mpaka mshale ukutane na alama. Taratibu, wewe! Mwandani alikuwa anafanya haya amefumba macho, tena kwa mkono wa kushoto."

Mwandani! Aliye kaburini ni mwandani, aliye hai ni "wewe." Kidosho aliona wivu. Mke mwenza aliye hai angalau utamsema kwa mashoga zako roho ipoe, lakini marehemu hasemwi vibaya.

Kwenye droo kulikuwa na mkanda mmoja, wa mwisho kufungwa na Marehemu kabla hajafa. Fundi hakutaka kuusafisha utoe picha. "Uache tu," alisema kila alipoulizwa, sauti ikimlegea. Kidosho akajiaminisha kwamba mle ndani mna sura kumi na mbili za mwanamke anayependwa kuliko yeye.

Na somo moja alikuwa amelishika vizuri: mkanda uliokwisha kupigwa, ukiuzungusha gizani kurudi mwanzo, hupokea picha upya, mpya juu ya zamani.

"Nitamkalia," alijisemea.

Mchana mmoja Fundi alipotoka kupeleka picha za watu, Kidosho alijifungia kwenye chumba cha giza, akauchana utepe wa ule mkanda. Karafuu ikamjaa puani. Akaanza kuzungusha, mkanda ukawa mzito, akavuta, nao ukavutwa upande wa pili, polepole, kama kwamba mtu ameketi ng'ambo ya meza anausindikiza kwa vidole, na alipoacha kuzungusha mkwaruzo wa karatasi haukuacha, uliendelea, krr, krr, na katikati ya krr na krr akasikia meno yakivunja kitu kidogo kikavu, karibu kabisa na sikio lake la kushoto.

"Nani?" alinong'ona.

Vidole vya baridi vilitua juu ya vyake, vikammalizia kazi.

Mwenye akili angetoka mbio asirudi. Yeye alitoka, na bado akaupakia ule mkanda kwenye kamera. Fundi aliporudi alimkuta ameketi kwenye kiti cha wateja.

"Leo nimepakia mwenyewe," alisema. "Nipige mimi. Zote kumi na mbili."

Fundi akacheka, akampiga.

Picha zilipokwisha kusafishwa, Fundi alizitandaza mezani. Katika zote kumi na mbili Marehemu ameketi kwenye kiti, anatabasamu. Kidosho hayumo, isipokuwa katika ile ya mwisho: amesimama nyuma ya kiti, na mdomo wake umebandikwa utepe wa karatasi.

"Umefanya nini, wewe?" Fundi alisema kwa sauti ndogo.

Kidosho alitaka kupiga yowe. Midomo haikuachana. Ulimi ulionja gundi. Kisha mkono wake wa kushoto, ambao hata kijiko haujui kushika, ukanyanyuka wenyewe ukaivuta kamera. Macho yakajifumba. Kijiti kitupu juu, mkanda mpya chini, karatasi kwenye ufa, mshale kwenye alama, bila kukosea hata kidogo.

Fundi alitazama mpaka machozi yakamlenga. Hofu ilimtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa furaha.

"Hujasahau, mwandani?"

Neno ambalo Kidosho alilitamani tangu aolewe. Ndipo midomo ya Kidosho ikafunguka, lakini si kwa amri yake.

"Nitasahauje, mume wangu?" ilisema, na meno yake yakavunja karafuu ambayo hakuitia yeye.