Chumba Kisichokatika Umeme

Jua lilikuwa linazama umeme ulipokatika, na bweni zima likaguna. Injinia hakuguna, alisonya. Walimwita hivyo kwa kuwa alisomea uhandisi wa umeme, mwaka wa mwisho, na kwa kuwa alijiona. Tasnifu ilitakiwa asubuhi, na chaji ya kompyuta yake ilikuwa inakata roho. Kule mlimani nyumba za wakubwa wa chuo ziling'aa kama kuna arusi.

"Wale giza wanalisikia kwenye redio," alisema.

Mwenzake wa chumbani, msichana mpole waliyemwita Mlokole, alimsihi asiende maabara ya zamani. Ilisemekana kuna chumba huko kisichokatika umeme, na anayekaa kusoma harudi. Injinia alimcheka usoni. Akamwambia kichwa kinachoogopa mizimu ndicho hicho kinachofeli hesabu.

Jengo lile lilishakatwa umeme zamani. Ncha za nyaya zilizokatwa alizishika mwenyewe kwenye mafunzo. Lakini mwisho wa korido, chini ya mlango, palikuwa na mwanga.

Akaingia.

Wanafunzi walikuwa wameinamia meza, kimya. Hakuna aliyefunua ukurasa. Kulikuwa na mvumo kama wa transfoma... na harufu ya nywele zilizoungua. Washamba, aliwaza, hata salamu hawajui. Akachomeka waya, chaji ikapanda, akaandika. Maneno yalimjia kama maji. Mpaka baridi ilipoanza kumpanda kutoka viganjani, akataka kuinua mkono wa kushoto.

Ulikuwa umenata mezani.

Akatega sikio. Ule mvumo ulitoka vifuani mwao.

Jirani yake aligeuza shingo polepole. Macho yake yalikuwa meupe kama glopu.

"Hapa hatusomi, dada," alinong'ona. "Hapa tunawasha."

Injinia alijivuta kwa nguvu zote. Ngozi ya kiganja ikabaki mezani, na kompyuta ikabaki nayo. Alipotokea nje, taa za mlimani zilififia... kidogo tu, kama jicho linalopepesa. Kisha zikarudi.

Bwenini hakumkuta Mlokole. Majirani walisema alichukua tochi akamfuata, maana alimwona amekawia. Injinia akarudi mbio na mlinzi. Chumba kilikuwa vumbi tupu, bila meza, bila hata soketi.

Mlezi wa wanafunzi alimsikiliza huku akichokoa meno. Akasema wasichana wakiona mtihani umewashinda hukimbilia kwa wanaume, wasimpotezee muda. Hata kupiga simu kwa wazazi wa binti hakupiga. Injinia alimdharau mpaka mate yakamjaa mdomoni. Kilichomchoma ni kwamba sauti ile ya kejeli aliijua. Ilikuwa yake.

Na yeye pia hakupiga simu. Angeanzia wapi?

Siku chache baadaye simu yake iliita. Alikuwa mama yake Mlokole.

"Mwanangu, shikamoo yako nitaipokea baadaye," alisema mama. "Huyu mwenzako ana nini? Kila jioni ananipigia, haongei. Nasikia mvumo tu."

Injinia aligeuka akatazama taa za mlimani.

"Mwambie apumzike," mama akaendelea taratibu. "Kusoma kwenyewe kusimmalize."

"Nitamwambia, mama."